Uzi: Kwa nini nyumba iliyonyamaza hutisha kuliko zimwi linaloonekana?

1. Mkaazi wa Cheyo, Tabora

Habari zenu wakuu. Nina dai ambalo ningependa tulijadili kwa kina. Miongoni mwa filamu zote za kutisha, zinazonikaa moyoni muda mrefu ni zile zinazotokea ndani ya nyumba moja ya kale, ambamo kwa saa nzima hatuonyeshwi zaidi ya ngazi, pazia, mlango uliofungwa na uso wa mtu anayesikiliza. Mfano ninaoutegemea ni The Haunting ya mwaka 1963, ambayo Robert Wise aliiongoza kutokana na riwaya ya Shirley Jackson iliyotoka mwaka 1959. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mzuka hata mmoja unaoonekana. Ukuta unagongwa usiku, chumba kinakuwa baridi ghafla, mlango wa mbao unavimba kuelekea ndani, na hayo yanatosha. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 1999, kompyuta ilipewa kazi ya kuonyesha kila kitu, na mimi niliitazama hadi mwisho bila kushtuka.

Dai langu ni kwamba filamu hizi zinaishambulia imani tuliyonayo juu ya nyumba. Porini mtu anatarajia hatari, na barabarani usiku anajilinda, lakini akishafunga komeo anaacha kujilinda na kulala. Mwongozaji anayeweza kuifanya nyumba yenyewe isiaminike hahitaji zimwi. Je, mnakubali, au kuna sababu nyingine?

2. Gungu Juu, Kigoma

Mkuu, hoja ni nzuri, lakini umeruka jambo moja, nalo ni macho. Wewe unasema hatuonyeshwi kitu. Mimi nasema tunaonyeshwa kingo za picha na tunalazimishwa kuzichunguza. Tazama The Innocents ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton kutokana na kisa cha Henry James. Ilipigwa kwa picha pana sana, na mpigapicha wake, Freddie Francis, alitengeneza vichujio vya lenzi vilivyopakwa rangi pembeni ili picha iwe na giza pande zote mbili na mwanga ubaki katikati. Matokeo yake, mtazamaji hamtazami anayezungumza, analitazama giza lililo kando yake. Filamu yenyewe inaanza kwa picha nyeusi tupu huku sauti ya mtoto ikiimba, kwa hiyo kabla hujaiona nyumba umeshaanza kutafuta. Kwangu mimi, raha ya filamu hizi ni kwamba mtazamaji anapewa kazi ya kufanya.

3. Fundi Mapaa, Urambo

Ndugu zangu, naomba niulete upande wa ujenzi, kwa kuwa kazi yangu ni kuezeka. Nyumba yoyote hupiga kelele usiku. Huku kwetu bati hutanuka kwa jua la mchana, na usiku wa mwezi wa sita au wa saba, baridi inapoingia, hunywea. Misumari huvutwa, na mlio hupokezana kutoka upande mmoja wa paa hadi mwingine, kiasi kwamba mtu aliyelala peke yake ataapa kuwa kuna anayetembea juu. Ongeza mbao ambazo hazikukauka vizuri kabla ya kupauliwa, kisha ongeza panya na popo darini. Nimeitwa kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kumwita shehe au mchungaji, nikakuta kenchi imelegea.

Kwa hiyo naona filamu hizi hupendwa kwa sababu hazitufundishi hofu mpya. Kila mtu amewahi kuamka saa nane za usiku, akasikia mlio, akaamua kutouchunguza. Filamu inamrudisha kwenye mlio ule ule alioupuuza. Na wenzetu wa Marekani wanaojenga kwa mbao tupu, kama nyumba ile ya mwaka 1963, bila shaka husikia makubwa zaidi.

4. Behewa la Tatu, Tabora

Fundi, hoja ya bati nimeipenda sana, ila nyumba ya filamu ile si ya mbao wala haiko Marekani. Kisa kinasimuliwa kuwa kimetokea New England, huko Marekani, lakini filamu ilipigwa Uingereza, na jengo linaloonekana kwa nje ni Ettington Park, jumba la mawe ambalo siku hizi ni hoteli. Vyumba vya ndani vilijengwa studio. Hata mlango unaovimba ulikuwa wa mbao za tabaka zilizogandishwa pamoja, na nyuma yake alisimama mfanyakazi aliyekuwa akiusukuma.

Kuna jambo jingine linalomuunga mkono mkuu wa Gungu. Wise alitaka lenzi pana kuliko zilizokuwepo wakati ule. Kampuni ya Panavision ilikuwa nayo moja ambayo haijakamilika na iliyopinda picha, ikampa baada ya yeye kutia saini kwamba anaijua kasoro yake. Ndiyo maana kuta za nyumba ile hazitulii wima. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu lenzi huhisi tu kwamba chumba hakiko sawa, wala hawezi kueleza ni nini.

5. Mama Kibirizi, Kigoma

Wanangu hamjambo. Nimesoma habari za lenzi, nimesoma habari za bati, na swali langu bado halijaguswa: kwa nini hawahami? Mlango umevimba usiku, asubuhi watu wanakunywa chai palepale. Sisi hapa Kibirizi tungekuwa tumeshapanda boti kabla ya jua kuchomoza, tena bila kuaga. Ndiyo maana filamu hizo hunikasirisha kabla hazijanitisha.

6. Mwenyeji wa Kasulu

Shikamoo mama. Nadhani swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia, na ipo filamu moja inayolijibu moja kwa moja. Inaitwa His House, ya mwaka 2020, na mwongozaji wake ni Remi Weekes. Mume na mke kutoka Sudan Kusini wamevuka bahari, wamefika Uingereza, wakapewa nyumba chakavu ya serikali wakati ombi lao la hifadhi likishughulikiwa. Masharti ni kwamba wakae humo humo. Hawaruhusiwi kufanya kazi wala kuhamia kwingine. Usiku kuta zinaanza kuzungumza. Wakilalamika, wataonekana wakorofi au wagonjwa wa akili, na wanaweza kurudishwa walikotoka. Hapo hakuna anayeweza kuuliza kwa nini hawahami.

Sisi tunaoishi karibu na kambi ya Nyarugusu tumesikia habari za kutosha kutoka kwa watu wa Kongo na Burundi kujua kwamba mtu anaweza kupewa paa juu ya kichwa chake na bado asilale, kwa sababu alichokikimbia amekuja nacho. Nilipoitazama filamu ile sikufikiria majini wala mizimu. Niliwafikiria majirani. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mizuka inatisha pale tu ambapo wenyeji wake hawana pa kwenda, na filamu isiyolishughulikia jambo hilo ni dhaifu hata lenzi yake ikiwa nzuri namna gani.

7. Mpangaji wa Mwanga, Kigoma

Naunga mkono bandiko la 6 kwa kisa kilichonipata. Nilipanga nyumba hapa Mwanga kwa bei iliyokuwa chini kuliko ya mtaa mzima, nikalipa kodi ya miezi sita mbele kama ilivyo kawaida, na ndipo jirani akaniuliza kwa upole kama niliambiwa kwamba nyumba ile "ina watu". Sikuwa na fedha ya kulipa kwingine. Kila jioni nilikuwa nikiahirisha kuingia chumba cha nyuma, nikihamisha vitu kimoja kimoja kuelekea sebuleni, hadi nikawa naishi katika nusu ya nyumba niliyoilipia yote. Sikuona kitu hata mara moja. Lakini tangu hapo, kila mhusika wa filamu anayesimama mbele ya mlango na kusita namwelewa vizuri, kwa sababu nimesimama pale.

8. Fundi Mapaa, Urambo

Mpangaji, pole sana. Je, chumba hicho kilikuwa na dari, au bati tupu?

9. Mpangaji wa Mwanga, Kigoma

Bati tupu, fundi. Lakini milio haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa siku ambazo hapakuwa na mlio wowote.

10. Mzee wa Kwihara, Tabora

Wanangu, nawasalimu. Katika mila za Kinyamwezi nilizokulia, wafu wa ukoo walijengewa vibanda vidogo vya mizimu uani, wakapelekewa pombe na unga, wakatajwa kwa majina. Marehemu alikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakuwa chumbani kwako. Akisahauliwa huleta ugonjwa au ndoto mbaya, na hapo hutafutwa ni nani huyo na anadai nini, kisha hupewa haki yake. Hapa Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na sasa ni makumbusho. Kuta zake ni nene na vyumba vina kiza hata mchana, lakini sijawahi kumwona mzawa akiliogopa, kwa kuwa tunajua ni akina nani walilala humo.

Filamu mnazozitaja zinahusu watu walionunua au kupanga nyumba pamoja na wafu wa watu wengine. Hilo ndilo linalotisha: umeingia katika deni ambalo hukulikopa, na mwenye kudai humjui jina. Mjukuu wangu alinionyesha The Changeling ya mwaka 1980, ambamo mtunzi wa muziki aliyefiwa na mkewe na binti yake anakodi jumba kubwa peke yake. Ndani yake kuna marehemu mtoto anayetaka kusikilizwa, na karibu filamu yote ni kazi ya kutafuta mtoto huyo alikuwa nani. Niliitazama kwa utulivu kabisa, maana kazi ile naijua.

11. Ujiji Mjini

Shikamoo mzee. Kwa heshima, naona umeiacha nusu ya historia yetu. Tabora na Ujiji ni miji ya misafara, na watu wa pwani hawakuleta nguo na shanga tu, walikuja pia na habari za majini. Jini hana ukoo wala kibanda uani. Anakaa mbuyuni, pangoni, na hasa katika nyumba iliyoachwa wazi muda mrefu, na ndiyo maana huku kwetu mtu hahamii nyumba ya namna hiyo kabla ya kusoma dua na kufukiza ubani. Kwa hiyo hofu ya nyumba si ya kigeni kwetu hata kidogo.

Tofauti naiona kwingine. Filamu zetu wenyewe za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, hazifichi kitu. Kiumbe anaonekana, anasema, anatenda, kwa sababu mtazamaji hahitaji kushawishiwa kwamba yupo; anachotaka kujua ni namna ya kumshinda. Filamu za taratibu zilizotajwa humu zinatumia saa nzima kuuliza kama kuna kitu au hakuna, na swali hilo lina uzito kwa mtu anayeona aibu kuamini. Pengine ladha yake inawafaa zaidi watu wa aina hiyo.

12. Kijana wa Isevya, Tabora

Ujiji Mjini, kaka, mimi ni Mtanzania wa kawaida kabisa, naamini yote uliyoyataja, na bado napenda filamu za taratibu, kwa hiyo niandike kwenye daftari lako kama mtu wa aina ya tatu. Pia nawaomba wakubwa muache kusema "nyumba ya kale". Paranormal Activity ilipigwa na Oren Peli mwaka 2006 ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego, nyumba ya kisasa isiyo na historia yoyote, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 15,000 hivi. Sehemu kubwa ya hofu inatokana na kamera iliyosimamishwa chumbani usiku huku watu wamelala. Hakuna utando wa buibui wala ngazi za mawe. Kuna kitanda, mlango ulio wazi na saa inayohesabu pembeni mwa picha, nasi tunasubiri.

13. Muuguzi wa Nzega

Naomba nichomekee jambo la afya, kwa sababu linahusiana na bandiko la 3 na la 7. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba ya zamani, wakaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo, kuumwa vichwa na kuchoka, na hata mimea yao ya ndani ikawa inakufa. Ilibainika kwamba tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na lilikuwa likivujisha hewa ya kaboni monoksaidi. Tanuri lilipotengenezwa, mambo yale yakakoma.

Huku hatuna matanuri, lakini tuna jiko la mkaa, na Tabora msimu wa baridi watu huliingiza chumbani na kufunga madirisha. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akikwambia kwamba chumbani kwake anahisi kukabwa usiku na kichwa kinamgonga asubuhi, muulize kwanza kuhusu jiko, hayo mengine yatafuata. Jiko la mkaa lisiachwe kamwe chumbani mnamolala.

14. Gungu Juu, Kigoma

Asante dada Muuguzi, hilo ni muhimu kuliko filamu zote. Linafanana na kisa cha Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakihisi woga na ubaridi katika maabara yao, na mara moja aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Baadaye aliona upanga wake mwembamba wa mchezo ukitetemeka wenyewe ukiwa umebanwa kwenye jiliwa. Aligundua kwamba feni mpya ilikuwa ikitoa mawimbi ya mitetemo kama 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio hukisikia, na akayaandika hayo mwaka 1998. Huenda waongozaji wanaotumia miungurumo mizito sana katika filamu wanaugusa mwili kabla ya akili.

15. Behewa la Tatu, Tabora

Mkuu wa Gungu, ongeza na kilichofuata. Watafiti wa London walitengeneza chumba maalumu, wakapitisha mawimbi ya namna hiyo pamoja na ya sumaku-umeme bila watu kujua ni wakati gani yamewashwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wengi walisema walihisi mambo ya ajabu, lakini hayakutegemea kama mawimbi yapo au hayapo. Maelezo yaliyoonekana kufaa zaidi ni kwamba watu walikuwa wameambiwa kabla kwamba wanaweza kuhisi kitu. Hapo tunarudi kwa Mpangaji: je, angekihofu chumba cha nyuma kama jirani asingemuuliza?

16. Mpangaji wa Mwanga, Kigoma

Swali la haki. Nilikuwa nimekiepuka chumba hicho hata kabla ya jirani kuniambia, kwa kisingizio cha joto. Hilo ndilo ninaloshindwa kulitolea maelezo.

17. Mtafsiri Mstaafu, Kigoma

Nimewasoma wote, na ninashangaa kwamba hakuna aliyezungumzia vibanda umiza, ambako wengi wetu tuliziona filamu kwa mara ya kwanza. Nilitafsiri filamu kwa sauti kibandani miaka mingi, wakati kanda za Lufufu, mtafsiri wa filamu, zilipokuwa zinatikisa nchi nzima na sisi wa mikoani tukimfuatisha. Filamu ya vita au ya mapenzi haikunipa shida. Filamu ya nyumba yenye mizuka ilikuwa mtihani, kwa sababu dakika nyingi hakuna anayesema. Mama anapanda ngazi, basi. Wateja wamelipa, wamebanana kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nyuma, na wanataka kumsikia mtafsiri. Nikinyamaza, wanapiga kelele kwamba maiki imekufa. Nikizungumza, nitasema nini? Nilikuwa nikisema: "Anajiuliza, nani yuko juu? Anaogopa, lakini anakwenda." Hapo hapo nilikuwa nimeshawaambia kwamba kuna mtu juu.

Lakini msidhani hofu ilikufa. Ilibadilika. Watu walianza kumjibu mama yule, wakimwita arudi, wakimwambia avue viatu asisikike, na kibanda kizima kikawa kinamlinda. Mkuu wa Cheyo anaeleza hofu ya mtu anayetazama peke yake amefunga komeo. Ile ya kibandani ilikuwa ya watu sitini kwa mpigo, na nina hakika nayo ilikuwa hofu ya kweli, maana filamu ilipokwisha walikuwa wakisubiriana mlangoni ili waondoke kwa makundi.

18. Kijana wa Isevya, Tabora

Mzee Mtafsiri, hapo umetufungulia somo jipya. Je, uliwahi kutafsiri The Others? Ile ambayo mwishoni inajulikana kwamba

19. Mama Kibirizi, Kigoma

Kijana, ishia hapo hapo! Sijaiona bado, na mwanangu amenihifadhia tangu juzi.

20. Kijana wa Isevya, Tabora

Nimeacha, mama. Nitasema tu yasiyoharibu. Ni ya mwaka 2001, ya Alejandro Amenábar, Mhispania aliyeiandika, akaiongoza na kuitungia muziki. Inasimulia mama na watoto wake wawili katika kisiwa cha Jersey mwaka 1945, ila ilipigwa Hispania, na ilishinda tuzo ya Goya ya filamu bora ya huko ingawa inazungumza Kiingereza. Watoto wana ugonjwa wa kutovumilia mwanga, kwa hiyo mapazia hayafunguliwi, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla wa nyuma haujafungwa kwa ufunguo. Nilichokipenda ni kwamba giza lina sababu ya kimama. Anafunga milango kwa upendo, na milango hiyo hiyo ndiyo inayotutisha.

21. Mkaazi wa Cheyo, Tabora

Nawashukuru wote. Bandiko la 6 limenifanya niongeze jambo katika dai langu: pengine tunaogopa zaidi pale nyumba isipoaminika na wakati huo huo ikawa ndiyo pekee tuliyo nayo. Sikubaliani na Ujiji Mjini kwamba filamu hizi ni za wanaoona aibu kuamini, kwa kuwa kisa cha Mpangaji kinaonyesha kwamba hata anayeamini anaweza kuishi miezi sita bila kujua kama kuna kitu. Mzee Mtafsiri, tunataka kuonyesha mojawapo ya filamu hizi hapa Cheyo kwa majirani wasiojua Kiingereza. Ungetushauri nini kuhusu sehemu za kimya?

22. Mtafsiri Mstaafu, Kigoma

Tafsiri maneno yaliyosemwa tu, na kabla ya kuanza waambie watu kwamba mtafsiri akinyamaza maiki haijafa. Ila ningeanza na His House. Wataanza na wasiwasi wa makaratasi na makazi, ambao wanaujua, na watakuwa wamekwisha kuingia ndani ya nyumba kabla hawajajiandaa.

23. Ujiji Mjini

Mkuu wa Cheyo, Mpangaji hakuuliza kama kuna kitu. Aliuliza kama anaweza kulala chumba kile. Hilo ni swali la mtu anayeamini. Anayetilia shaka angekwenda kuchungulia.

24. Mzee wa Kwihara, Tabora

Ujiji, mwanangu, mtunzi wa muziki katika The Changeling alitilia shaka, akachungulia, na alipokwisha kuona akafanya kile ambacho mganga wa huku angekifanya: alimtafuta mwenye jina. Filamu ile inaanza na mtu anayetilia shaka, na inamaliza kwa kudai haki ya marehemu. Nieleze hilo linaingia upande gani wa mgawanyo wako.